Umuswahili wa Biryogo

Mtoto wa Kigali anapokwenda ishuri na igitabo na ikaramu mkononi, mama yake naye akielekea isoko, wote wawili wamekwishakula chumvi ya Kiswahili ndani ya Kinyarwanda chao bila kujua. Tena hilo neno shule lenyewe, Waswahili walilipokea kwa Wajerumani.

Na ni Wajerumani hao walioitawaza lugha hii Rwanda. Daktari Richard Kandt, mwanzilishi wa Kigali mwaka 1907, alitawala kwa msaada wa askari waliozungumza Kiswahili, nao wafanyabiashara wa pwani wakaweka maduka. Kule Nyanza, kwenye makao ya mfalme, wana wa machifu walifundishwa Kiswahili. Mwami Yuhi Musinga mwenyewe alikijua, na kwa mfalme aliyezingirwa na wageni, kumsikia mgeni bila kumtegemea mkalimani halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji, na upepo ukageuka. Kifaransa kikakalia kiti cha ofisini, mapadre wakashika shule, na Kiswahili kikahesabiwa kuwa lugha ya Waislamu. Waislamu wenyewe wakatengewa mtaa wa Biryogo, kando ya Nyamirambo, ulioitwa Camp Swahili. Musinga, aliyekataa kubatizwa, aling'olewa 1931 akafia uhamishoni Kongo.

Hapo ndipo jina lilipopinda. Kwa Kinyarwanda, umuswahili akawa Mwislamu, hata kama hajawahi kuiona bahari. Kisha akawa mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. (Mtu wa pwani asicheke: naye anajua "uswahili" unavyotumika Dar es Salaam.) Jina hilo lilianza kusafika baada ya 1994, kwa kuwa Waislamu wengi waliwaficha Watutsi majumbani mwao wakati wa mauaji ya kimbari.

Serikali nayo ilikuwa na hesabu zake. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, mwaka uliofuata ikaamua kufundishia kwa Kiingereza, na Februari 2017 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne. Safari hii kilirudi kwa mlango wa biashara, bila askari.

Leo kuna barabara ya Biryogo iliyofungiwa magari. Meza zimepangwa njiani, na watu wa kila dini wanakunywa chai. Lakini ukimsifu jirani yako wa mezani kwamba ni Mswahili hasa, naye ni Mkristo, huenda akaweka kikombe chini na kukusahihisha.