Shule ya Mtaani Tuipime kwa Lipi?

Akina mama wa Kaptembwo na Rhonda, pembezoni mwa Nakuru, hawachoki kutuuliza: shule yetu ya msingi ya serikali imepata ngapi? Enzi ya KCPE jibu lilikuwapo, alama kati ya 500, hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. KPSEA ya Gredi ya 6 ilipoanza mwaka 2022, asilimia 60 ya tathmini ilitoka katika kazi za shuleni tangu Gredi ya 4, na 40 tu katika mtihani wenyewe. Wapo wanaozililia orodha za shule bora. Sisi hatuzililii, wastani mnono pengine ulipatikana kwa kuwarudisha darasa wanyonge.

Basi fungueni madaftari: yamesahihishwa? Mwalimu mmoja anafundisha watoto wangapi? Kisha mpeni mtoto ukurasa asiouzoea, asome na kueleza alichokielewa. Ndivyo watafiti wa Uwezo walivyowapima watoto majumbani tangu 2009: herufi, neno, aya, hadithi. Akikwama kwenye aya, mwendeeni mwalimu wiki hiyo hiyo, kabla hamjakopa karo ya shule ya binafsi.