Dawa ya Kusahau: Ninachowajibu Wateja Wangu

Oktoba ikiingia, mitihani ya kidato cha nne ikikaribia, duka langu la dawa hapa Ngamiani, Tanga, hupata wateja wa namna yake. Mama anaingia, anasalimia, anasubiri wenzake watoke, ndipo anainamia kaunta na kushusha sauti: "Dada, kuna ile dawa ya kuongeza kumbukumbu? Ya mtoto." Nyuma yake yuko mstaafu anayechanganya majina ya wajukuu, aliyeambiwa kijiweni kuwa kuna vidonge vya majani kutoka China. Kisha anakuja kijana wa kazi za kompyuta. Huyu amekwisha kusoma kila kitu kwenye simu, na majina ya vidonge anayajua kuliko mimi.

Wote wanataka kichwa chepesi kinachoshika mambo. Nami kabla sijanyoosha mkono rafuni huwauliza swali moja: mwilini mwako kimepungua nini? Virutubisho vya ubongo nimevisoma chuoni na nimeviuza miaka mingi, na msimamo wangu ni huu: pale palipo na upungufu, kidonge sahihi hufanya kazi hadi ndugu wa mgonjwa washangae. Pasipo na upungufu, sehemu kubwa ya fedha unampa mwenye kiwanda.

Chukua hayo majani ya China. Ginkgo biloba ni mti wa ukoo wa kale mno. Baadhi ya miti yake iliyokuwa Hiroshima wakati bomu la atomiki lilipoangushwa mwaka 1945 ilichipua tena na ipo hadi leo. Hadithi ya namna hiyo inauza kopo bila msaada wa mtu. Marekani walichukua watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu wakapewa ginkgo miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu wakapewa kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa ndani. Wakawafuatilia kwa takriban miaka sita. Majibu yalitoka mwaka 2008: waliokula ginkgo walipatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu sawasawa na wenzao. Wafaransa nao walijaribu kwa wazee zaidi ya 2,800, majibu yakatoka mwaka 2012, na hadithi ikawa ile ile. Pamoja na hayo, ginkgo inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu, kwa hiyo anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarin, au aspirini kila siku kwa ajili ya moyo, simuuzii hata akinuna.

Kuna lingine lililovuma zaidi huko Marekani, Prevagen, ambalo wateja wenye ndugu ughaibuni huniletea kopo lake niwasomee. Ndani yake mna protini iliyogunduliwa kwa konyeza, yule kiumbe wa baharini mwenye mwili wa uteute anayechoma. Protini yenyewe haina ubabaishaji hata kidogo. Mjapani Osamu Shimomura aliitoa kwa konyeza wanaong'aa mwaka 1962, na kazi yake juu ya viumbe hao, hasa protini ya pili inayong'aa kijani, ikampa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Tatizo ni safari ya kutoka mdomoni hadi kichwani. Protini ukiimeza, tumbo huivunjavunja na kuimeng'enya, iwe ya konyeza au ya changu wa kukaanga. Mwaka 2017 serikali ya Marekani pamoja na jimbo la New York waliishtaki kampuni inayoiuza, Quincy Bioscience, kwa kuwaambia watu kuwa inaboresha kumbukumbu bila ushahidi wa kutosha. Utafiti wa kampuni yenyewe, uliofanywa kwa watu 218, haukuonyesha kwa jumla kuwa kidonge hicho kinakishinda kidonge kitupu. Mwaka 2024 mahakama ikaizuia kampuni kuendelea na madai hayo.

Wateja huniuliza, sasa iliruhusiwaje kuuzwa miaka yote hiyo? Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, mwenye kirutubisho halazimiki kuthibitisha kwamba kinafanya kazi kabla ya kukipeleka sokoni. Kopo likisema "imetengenezwa Marekani", mteja wangu husikia "imethibitishwa Marekani". Hayo ni mambo mawili mbalimbali kabisa.

Sasa nije kwenye upande unaonifanya niendelee kuviamini baadhi ya vidonge hivi.

Kuna mwalimu mstaafu, mteja wangu wa siku nyingi, mgonjwa wa kisukari. Siku hiyo nilimwamkia kama kawaida, "Shikamoo mwalimu," akaitika, "Marahaba mwanangu," kisha akasimama kimya, amesahau kilichomleta. Mkewe ndiye aliyemkumbushia kuwa wamefuata metformin. Wakati wa kutoka niliona kandambili ya mguu wa kushoto imebaki mlangoni, naye anaendelea kutembea mguu mtupu barazani. Hakuisikia ikivuka. Nikamwita arudi akae. Ganzi ya miguu anayo tangu lini? Miaka. Na ulimi? Alipoutoa ulikuwa mwekundu na laini, hauna zile chembechembe za kawaida. Ganzi yote aliisingizia sukari, kusahau akakusingizia uzee, na metformin ameimeza asubuhi na jioni kwa zaidi ya miaka kumi.

Metformin ni dawa nzuri ya kisukari, nisieleweke vibaya, na mtu asiiache kwa kusoma makala hii. Ila ikitumiwa muda mrefu inaweza kuzuia utumbo kufyonza vitamini B12 ya kutosha. Ini lina akiba ya vitamini hiyo ya miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu huchelewa kujionyesha na mtu haunganishi mambo. Dawa za kupunguza asidi tumboni, kama omeprazole, zikinywewa miezi na miezi nazo hupunguza B12, kwa sababu asidi ndiyo inayoitenganisha na chakula. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa naye yumo hatarini. Mwili unahitaji kiasi kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku, lakini ikikosekana mishipa ya fahamu huharibika, damu hupungua na kumbukumbu hupotea. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kupima B12 kwa mgonjwa yeyote wa metformin mwenye dalili kama zile za mwalimu wangu.

Nilimtuma mwalimu kwa daktari wake akaombe kipimo hicho. Daktari alikubali, sampuli ikapelekwa Dar es Salaam, na majibu yakaja yakiwa chini sana. Akaanzishiwa sindano. Miezi ikapita, mkewe akaja dukani peke yake na kunieleza kwamba mzee ameanza tena kubishana na redio, na anataja mawaziri kwa majina. Ganzi haikwisha yote, maana mshipa uliokaa muda mrefu bila kutibiwa haurudi wote. Kama hujapima, usikimbilie kumeza asidi ya foliki peke yake, kwani hurekebisha damu ikaonekana nzuri huku mishipa ikiendelea kuharibika chini kwa chini. Hata vile vidonge vilivyochanganya B1, B6 na B12, vinavyonunuliwa mitaani kwa ajili ya ganzi, visiliwe mwaka mzima bila ushauri. B6 ikizidi kwa muda mrefu huleta ganzi yenyewe.

Kwa wanafunzi wa kike upungufu ninaoutafuta kwanza ni wa madini ya chuma. Binti anasinzia darasani, anasoma ukurasa mzima haukai, mama anataka dawa ya akili. Namwomba avute kope ya chini, nione ndani ni nyekundu au nyeupe. Kisha nauliza habari za hedhi, halafu nauliza kuhusu chai. Nyumba nyingi za kwetu chai ya rangi hunywewa pamoja na chakula, na chai huzuia chuma cha maharage na mchicha kisifyonzwe vizuri. Isogeze saa moja au mbili mbele, kamulia ndimu kwenye mboga, na umpeleke mtoto akapime wingi wa damu. Akipungukiwa, vidonge vya chuma vya bei ndogo vitamfaa kuliko kopo lolote lenye picha ya ubongo. Ila viwekwe mbali na watoto wadogo, kwa kuwa vikimezwa vingi huua.

Kirutubisho kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote kwa vichwa vya Watanzania hakimo hata kwenye rafu zangu. Kimo jikoni kwako, kwenye chumvi. Mtoto anayekosa madini joto akiwa bado tumboni anaweza kuzaliwa na ubongo uliodumaa, na hakuna kidonge cha baadaye kinachofuta hayo. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiutaja upungufu huu miongoni mwa sababu kubwa za uharibifu wa ubongo unaozuilika. Nyanda zetu za juu zilijulikana kwa tezi la shingo, hata serikali ikagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katika miaka ya 1990 ikaagiza chumvi ya kula iwekewe madini hayo. Sisi wa Tanga tuna mashamba ya chumvi karibu, na kishawishi cha kununua ile ya kupimiwa kwa kopo ni kikubwa. Nunua ya pakiti yenye alama, iweke kwenye chombo chenye mfuniko, isikae juani wala kwenye unyevu. Vidonge vya madini joto usijinunulie mwenyewe, maana vikizidi navyo huvuruga tezi.

Multivitamini? Hapa nina maoni ya katikati. Madaktari wanaume wa Marekani karibu 6,000, wenye umri wa miaka 65 na zaidi, walifuatiliwa takriban miaka 12, na majibu ya mwaka 2013 hayakuonyesha faida kwa kumbukumbu. Kisha mwaka 2022 ukaja utafiti mwingine wa wazee zaidi ya 2,200 kwa miaka mitatu. Watafiti walitaka hasa kupima kakao. Kakao haikufua dafu, bali multivitamini waliyoiweka pembeni ndiyo iliyoleta nafuu ndogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi vitamini B, vitamini E, mafuta ya omega-3 wala mchanganyiko wa virutubisho kwa ajili ya kuzuia kupungua kwa akili. Kwa hiyo bibi anayekula chai na mkate kutwa nzima nitamuuzia multivitamini ya bei rahisi kwa moyo mkunjufu. Mtoto anayekula dagaa, maharage na matunda, hapana. Omega-3 yenyewe namwelekeza mtu sokoni akanunue vibua.

Piracetam hunijia kwa karatasi iliyoandikwa na jirani. Ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1964, na ni dawa kamili, haina haki ya kuitwa kirutubisho. Huko Uingereza ilisajiliwa kwa aina fulani ya mishtuko ya misuli. Mtoto mwenye afya haimhusu.

Nyumbani kwetu, wanaohifadhi Kurani walipewa zabibu na maji yaliyolazwa na ubani. Siwezi kukuambia kwa vipimo kwamba ubani unaongeza kumbukumbu, lakini najua mtoto aliyepewa vitu hivyo aliamshwa alfajiri, akarudia aya ile ile mbele ya mwalimu mpaka ikakaa, na usiku akalala mapema. Mwanafunzi wa siku hizi anafanya kinyume chake. Anakunywa kahawa au vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu saa tano usiku ili akeshe. Kafeini kweli inafanya kazi. Huziba nafasi za kemikali inayojikusanya kichwani kadiri mtu anavyokaa macho, asihisi uchovu. Lakini baada ya saa kama tano bado nusu yake imo mwilini, yaani hadi saa kumi alfajiri, na usingizini ndimo ubongo unamopanga na kuhifadhi ulichokisoma.

Mwisho naomba mfuko. Yeyote anayetaka kitu cha kumbukumbu namwambia alete kila anachomeza, cha hospitali, cha mlonge na habasoda, na cha shoga yake. Anayetumia ARV zenye dolutegravir, kwa mfano, akimeza chuma, kalisi, zinki au magnesi kwa wakati mmoja na dawa yake, madini huishika dawa tumboni isifyonzwe vizuri. Kanuni ya kawaida ni kumeza dolutegravir saa mbili kabla ya madini au saa sita baada yake. Hilo huwezi kulijua kwa kusoma kopo.

Majuzi mama mmoja alimwaga mfuko wake kaunta. Mlikuwa na dawa ya presha, multivitamini mbili za majina tofauti zenye vitu vile vile, na karatasi ya Piriton iliyobaki na vidonge viwili. "Hii mafua?" nikamuuliza. "Hapana, mwanangu, ya usingizi. Kila usiku, tangu Ramadhani." Piriton inalaza, lakini uzito wake unaweza kuendelea hadi asubuhi, tena huzuia kemikali ambayo ubongo huitumia kukumbuka, na mtu mzima huathirika zaidi. Tukakubaliana aiache, abaki na multivitamini moja, aipime presha yake kliniki Jumatatu, na arudi baada ya wiki mbili aniambie kichwa kikoje kabla hajanunua chochote.