Sindano ya jentamaisini na masikio yako

Ukiishi Majengo mjini Nyeri, huenda umemsikia jirani akisema kuwa homa haiponi bila sindano. Moja ya sindano hizo ni jentamaisini, ambayo hospitalini huokoa hata watoto wachanga. Lakini dawa hiyo hiyo yaweza kumtia mtu uziwi. Kwa nini?

Kila chembe hai ina viwanda vidogo vya protini viitwavyo ribosomu. Sehemu kubwa ya ribosomu ni RNA, kitu mfano wa uzi mrefu. Uzi huo haufanyi kazi mpaka ujikunje kwa umbo lake maalum. Taabu ni kwamba una chaji hasi kote, na chaji zinazofanana husukumana. Ioni za madini zenye chaji chanya, hasa magnesiamu, hupunguza msukumano huo. Ndipo uzi hujikunja na kufanya vijishimo.

Wataalamu huchunguza mikunjo hii kwa mtambo wa NMR, ndugu ya mashine ya MRI ya hospitali. Sumaku kali na mawimbi ya redio huonyesha atomu ipi iko karibu na ipi. Mwaka 1996, kundi la Joseph Puglisi nchini Marekani lilionyesha kwa NMR jinsi paromomaisini, inayotumika pia kutibu kalazaa, inavyoingia katika kijishimo cha RNA ya bakteria. Mwaka 1998 ikawa zamu ya jentamaisini. Dawa hizi nazo zina chaji chanya, hivyo huvutwa na RNA kama madini. Zikiingia, bakteria hukosea kutengeneza protini, kisha hufa.

Ribosomu zetu nyingi zina kijishimo tofauti kidogo, ndiyo maana dawa hutuacha salama. Lakini mitokondria, zinazoipa chembe nguvu, zina ribosomu zinazokaribia za bakteria. Wako watu waliorithi kwa mama badiliko la herufi moja tu linalozidisha mfanano huo. Hao waweza kupoteza kusikia hata kwa kipimo cha kawaida. Kwa mtu yeyote, dozi kubwa au ya siku nyingi yaweza kudhuru masikio na figo. Uziwi huo kwa kawaida hauponi.

Kwa hivyo, usinunue sindano hii bila kuandikiwa na daktari. Mweleze kama kuna jamaa wa upande wa mama aliyepoteza kusikia baada ya sindano. Ukisikia mvumo masikioni au kizunguzungu ukiwa kwenye matibabu, sema siku hiyo hiyo. Lakini mtoto wako akiandikiwa hospitalini, usikatae. Maambukizi ya damu huua haraka, na huko kipimo hupangwa kulingana na uzito wake.