Tsunami isiyotanguliwa na tetemeko: Funzo la visiwa vya volkano

USIKU wa Jumamosi, Desemba 22, 2018, wafanyakazi wa shirika la umeme la Indonesia walikuwa ufukweni Tanjung Lesung, magharibi mwa kisiwa cha Java, wakiburudishwa na bendi ya Seventeen. Ghafla wimbi liliibuka nyuma ya jukwaa na kuwasomba wanamuziki na watazamaji. Hakuna king'ora kilicholia.

Hadi hesabu inakamilika, zaidi ya watu 400 walikuwa wamepoteza maisha katika pwani za Java na Sumatra, na zaidi ya 30,000 walikuwa wameyahama makazi yao. Ilikuwa msimu wa sikukuu, wakati ambao wenye hoteli, wauza vyakula na wavuvi hutegemea kuvuna.

Chanzo hakikuwa tetemeko la ardhi, bali Anak Krakatau, yaani Mtoto wa Krakatau. Kisiwa hicho cha volkano kilichomoza baharini mwishoni mwa miaka ya 1920, mahali palepale ambapo Krakatau ililipuka Agosti 1883 na kuua zaidi ya watu 36,000, wengi wao kwa mawimbi.

Volkano inayokua baharini hujengwa kwa majivu, mawe na lava vinavyolundikana juu ya mteremko mkali ulioko chini ya maji. Ubavu mmoja ukielemewa huporomoka na kuyasukuma maji. Usiku huo ubavu wa kusini magharibi ndio ulioporomoka, na kisiwa kilichokuwa na kimo cha mita 338 kikabaki na mita 110 hivi.

Mfumo wa tahadhari wa Indonesia, ulioimarishwa baada ya tsunami ya mwaka 2004, ulijengwa kusikiliza matetemeko makubwa. Maboya ya kupima mawimbi nayo yalikuwa hayafanyi kazi tangu 2012. Kwa kuwa mwezi ulikuwa mpevu, mamlaka ya hali ya hewa awali ilieleza kuwa maji yale ni ya bamvua, kabla ya kujirekebisha.

Linalosikitisha ni kwamba hatari hiyo ilikwishaandikwa. Mwaka 2012 Thomas Giachetti na wenzake walichapisha utafiti uliokadiria kuwa ubavu huohuo ukianguka, wimbi lingefika pwani ya Java katika dakika 35 hadi 45. Mwaka 2018 lilifika baada ya nusu saa hivi. Nusu saa inatosha mtu kupanda mwinuko, iwapo ataambiwa.

Hasara yavuka bahari

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya Tonga, katika Bahari ya Pasifiki. Januari 15, 2022, volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai, kilomita 65 kutoka mji mkuu Nuku'alofa, ililipuka na kurusha majivu hadi zaidi ya kilomita 50 angani. Watu watatu walikufa nchini humo, lakini mifuko iliumia zaidi. Benki ya Dunia ilikadiria uharibifu kuwa Dola za Marekani milioni 90.4, sawa na asilimia 18.5 ya pato la taifa.

Majivu yalifunika mashamba, maji ya chumvi yakaingia kwenye udongo, na wavuvi wakapoteza boti. Mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari nao ulikatika kwa zaidi ya mwezi mmoja, katika nchi ambayo familia nyingi huishi kwa fedha zinazotumwa na ndugu walioko ng'ambo.

Mawimbi hayo yalivuka Pasifiki hadi Peru, umbali wa zaidi ya kilomita 10,000. Watu wawili walizama ufukweni, na mafuta zaidi ya mapipa 10,000 yakamwagika wakati meli ikipakua kwenye kituo cha kusafishia mafuta karibu na Lima. Wavuvi wa Peru, ambao hata moshi wa volkano hawakuuona, walizuiwa kuvua.

Hata hivyo, si kila mlipuko huzaa tsunami. Kisiwa cha La Palma, Hispania, ambacho utafiti wa mwaka 2001 ulidai kingeweza kuporomoka na kutikisa Atlantiki nzima, kililipuka kwa siku 85 mwaka 2021. Lava ilifunika nyumba na mashamba ya migomba, lakini ubavu wa mlima haukuanguka.

Jirani zetu Mayotte

Kwa mwambao wa Afrika Mashariki, jambo hili si la mbali. Mwaka 2018 wakazi wa Mayotte, takriban kilomita 600 kutoka Mtwara, walianza kuhisi matetemeko mfululizo. Mwaka uliofuata watafiti wa Ufaransa waligundua volkano mpya chini ya bahari, kilomita 50 mashariki mwa kisiwa hicho, yenye kimo cha mita 800 hivi kutoka sakafu ya bahari. Volkano hiyo, iliyopewa jina la Fani Maoré, haikuleta tsunami, lakini wataalamu wanaendelea kuichunguza pamoja na miteremko ya chini ya maji iliyo karibu na kisiwa.

Tangu 2018, Indonesia imeongeza vipimo vya kina cha maji katika Mlango-Bahari wa Sunda, ili wimbi ligundulike hata kama ardhi haikutikisika. Ndilo somo kuu: palipo na volkano baharini, ni lazima mlima wenyewe na maji yake vichunguzwe.

Kwa mvuvi, mkulima au mwenye hoteli, kinga haihitaji mtaji mkubwa. Njia ya kukimbilia mwinukoni ijulikane na kila mfanyakazi. Mbegu, nyaraka na leseni vihifadhiwe mbali na maji. Mngurumo usio wa kawaida au maji yanayokwenda na kurudi ovyo ni ishara ya kuondoka, kwani bahari si lazima ikauke kwanza. Shamba lililoingiliwa na maji ya bahari lisipandwe mpaka mvua ioshe chumvi.

Boti na nyavu hununuliwa tena. Aliyerudi ufukweni kuziokoa hanunuliwi.