Mwalimu wa Kuchora



Mara nyingi wazazi hutujia jioni, baada ya mafundisho, kutaka shauri juu ya watoto wao waliomaliza masomo ya sekondari. Huyu ataka mwanawe awe tabibu, yule ataka awe karani, mwingine fundi wa umeme. Na hao huwajibu upesi. Lakini mwaka jana alikuja mama mmoja akasema, "Mwalimu, binti yangu ataka kwenda chuo kikuu miaka minne asomee kufundisha kuchora. Je, nimzuie?" Tukanyamaza kitambo, kwani swali hilo hilo lilikwisha kuingia katika nyumba yetu wenyewe, na mwanzoni tulilijibu vibaya. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia habari yote, ili wengine wasikosee pale tulipokosea sisi.

Yapasa tuanze na kosa letu la kwanza. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, tungali vijana, tulikuwa tukishika darasa la nne katika shule moja ya Ukambani. Siku moja, katika saa ya hesabu, tulimwona mvulana ameinama mno juu ya daftari lake. Tulipokaribia tuliona amechora ng'ombe wawili wakivuta plau, na mtu nyuma yao. Tuliuchana ukurasa ule mbele ya wenzake, tukamwambia ya kuwa daftari la hesabu ni la hesabu. Darasa lote likacheka, nasi tukaendelea na kugawanya.

Miaka ikapita. Siku moja sokoni Machakos tulimkuta mtu mzima juu ya ngazi, akiandika jina la duka ukutani na kuchora kikombe cha chai kando yake. Alipotuona akashuka, akafuta mkono kwa kitambaa, akatuamkia kwa heshima. Ndipo akasema, "Mwalimu, mwamkumbuka yule ng'ombe wangu?" Tukaona haya. Akasema tena, pasipo hasira, "Miguu yake ilikuwa mibaya kweli. Lakini mlipoichana karatasi hamkunionyesha miguu ya ng'ombe huwaje. Nimejifunza mwenyewe kwa taabu, na hata leo mikono ya watu hunishinda."

Tulikwenda zetu, na maneno yale tukayaweka moyoni, wala hatukumwambia mtu.

Baada ya hayo mwana wetu wa kike alimaliza mtihani wake wa kidato cha nne, akapata daraja ya C+, iliyo kiingilio cha chuo kikuu hapa Kenya. Sisi tulifurahi, tukadhani atasomea uuguzi. Akasema, "Baba, nataka kuwa mwalimu wa sanaa." Tukakataa. Tulimwambia ya kwamba ada ni nyingi, na kuchora ni mchezo wa watoto, na majirani watatucheka tukiuza mifugo kwa ajili ya rangi na karatasi. Hakubishana nasi. Alisema tu, "Nimesikia, Baba," akaenda kwa nyanya yake, ambaye kwetu twamwita susu.

Siku ya tatu mama yetu alikuja na kigoda chake na kiondo alichokuwa akikisuka, akaketi mlangoni. Akasema, "Mwanangu, wewe ulisomeshwa na nini?" Tukajibu, "Na vyondo vyako, mama." Akasema, "Kila mstari wa rangi nimeuhesabu kwa vidole hivi. Ukikosea nyuzi mbili tu, mstari hupinda, na mnunuzi hupita. Ukaenda shule, ukala, ukavaa. Leo wasema kazi ya mikono na macho ni mchezo?" Kisha akaendelea kusuka, wala hakusema neno jingine. Hatukuwa na jibu.

Binti yetu akaomba jambo moja, kwamba kabla hatujakata shauri twende naye Murang'a tukaone picha zilizomo katika kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Tukaenda. Ukutani mna picha kubwa tano zilizochorwa na Elimo Njau katika miaka ya 1950, nazo zilimalizika mwaka 1959. Ni habari ya Bwana tangu kuzaliwa hata kusulubiwa. Lakini nchi iliyochorwa ni nchi ile ile ya milima na miti ya Murang'a, na watu ni watu weusi kama sisi. Habari hiyo tumeifundisha miaka mingi, na maneno yake twayajua kwa moyo. Hata hivyo tulisimama pale kama mtu aliyeisikia siku ile mara ya kwanza. Mke wetu ndiye aliyetugusa mkono na kusema gari litatuacha.

Njiani tulimwuliza binti yetu, "Mtu huyu alifundishwa wapi?" Naye akatueleza aliyokwisha kuyasoma, nasi twawapa ninyi kwa ufupi.

Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Wachaga, Tanganyika, akasoma Makerere sanaa pamoja na ualimu. Shule ya sanaa ya Makerere ilianzishwa na Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuja Kenya mwaka 1929 na kuhamia Uganda mwaka 1935. Hakuanza katika jumba kubwa. Alianza na wanafunzi wachache barazani mwa nyumba yake, mwaka 1937. Naye alikwisha kufundishwa kazi ya ualimu huko London na Bibi Marion Richardson, aliyekuwa na njia yake ya kufundisha kuchora. Mwalimu hasimamishi picha ubaoni ili watoto wainakili. Huwaambia wafumbe macho, kisha huwasimulia jambo kwa maneno, tuseme siku ya soko au mvua ikija, mpaka kila mtoto alione moyoni mwake. Ndipo huwaambia wafumbue macho na kuchora walichokiona.

Kutoka shule hiyo ya barazani walitokea watu wa sifa. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alisoma Makerere, kisha akaenda Slade School huko London. Na tangu mwaka 1961 alikuwa balozi wa Tanganyika katika Uingereza. Picha yake moja ya mwaka 1956 imewekwa katika Museum of Modern Art huko New York. Gregory Maloba wa Kenya ndiye aliyeifanya sanamu ya uhuru iliyosimama Kampala tangu mwaka 1962. Na jambo lililotugusa zaidi ni hili, ya kuwa wote watatu, Ntiro, Maloba na Njau, walifundisha wengine. Hawakushika brashi kwa ajili yao wenyewe tu.

Tuliporudi nyumbani tuliuza mtamba mmoja na mbuzi wanne, na binti yetu akaomba mkopo wa wanafunzi kwa serikali, maana mifugo haikutosha. Sasa yu katika mwaka wa nne.

Labda msomaji atauliza, "Miaka minne yote hiyo wafundishwa nini?" Nasi tulidhani ni penseli na karatasi tu. Mwaka wa kwanza walichora vitu vilivyo mbele ya macho, yaani mtungi, kiti, mkono, mtu aliyeketi, mara nyingi mno, hata akasema vidole vyamwuma. Kisha wakajifunza kuchanganya rangi, kufinyanga, kuchonga, kupiga chapa, kutia nguo rangi, na kuandika herufi za matangazo. Wasoma pia historia ya sanaa ya Afrika na ya nchi nyingine. Katika zoezi moja aliagizwa kueleza kitu kilichofanywa kwao nyumbani, naye akaandika juu ya kiondo cha susu, jinsi mkonge unavyosokotwa, na jinsi mistari inavyohesabiwa tangu kitako hata mdomo. Susu aliposomewa karatasi ile alitikisa kichwa akasema, "Amesahau mafundo ya mwanzo." Ikambidi aisahihishe.

Lakini kwa kuwa shahada hiyo ni ya ualimu, nusu ya kazi ni ile ambayo sisi walimu twaijua. Asoma jinsi akili ya mtoto inavyokua, jinsi ya kutunga maazimio ya kazi na andalio la somo, na jinsi ya kusahihisha. Na hilo la kusahihisha si jepesi. Hesabu ina jibu moja. Je, picha utaipimaje? Wao hufundishwa kumwuliza mtoto alitaka kuonyesha nini, kisha kupima kama ameonyesha. Kwa kawaida pia mwalimu wa sekondari huwa na masomo mawili ya kufundisha. Yeye alichagua Kiswahili kuwa la pili.

Kisha hupelekwa shuleni kufundisha muhula mzima, na mkufunzi huja kuketi nyuma ya darasa. Binti yetu alipelekwa shule moja isiyokuwa na rangi hata chupa moja. Usiku wa kwanza alitupigia simu akilia. Mama yake akamwambia, "Kwani susu alianza na nini?" Kesho yake aliwaagiza wanafunzi walete makaa ya mekoni, na kalenda za zamani ambazo mgongo wake ni mweupe, na viazi vitamu vilivyooza upande mmoja. Upande mzima wa kiazi ulichongwa, ukachovywa katika rangi ya udongo mwekundu uliochanganywa na uji mwepesi, ukapigwa juu ya kitambaa. Mwalimu mkuu alipita akauliza kama hilo ndilo somo. Juma la pili aliomba kipande cha kitambaa akitandike mezani kwake.

Usiku mwingine alitupigia simu akicheka. Alikuwa amewasimulia siku ya soko kwa njia ya Bibi Richardson, na mvulana mmoja akachora punda aliyebeba mitungi ya maji, lakini miguu ya nyuma ilikuwa kama miguu ya meza. Wenzake wakacheka. Binti yetu akasema, "Haya, sote twende kisimani." Wakasimama mbele ya punda wa wachota maji, akamwuliza yule mvulana, "Goti lake la nyuma lakunjika upande gani? Tazama tena." Wakarudi, na mvulana akachora upya.

Ndugu wasomaji, hatukuwa tumemwambia binti yetu habari za yule ng'ombe. Tulikata simu, tukakaa gizani muda mrefu.

Walakini hatutaki kuwadanganya. Kazi hii ina taabu zake, na mzazi yapasa azijue. Rangi, brashi na turubai ni ghali, na hununuliwa kila muhula. Shule nyingi za sekondari hazikuwa na somo hili kamwe. Katika shule za msingi mtihani wa sanaa ulikuwapo tangu mwaka 1985, ukaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na baada ya hapo walimu wengi waliitumia saa ya kuchora kwa hesabu, nasi tulikuwa miongoni mwao. Sasa mambo yameanza kugeuka. Mtaala mpya umeirudisha sanaa katika madarasa ya chini, na tangu Januari 2026 wanafunzi wa daraja la 10 wamechagua njia moja katika tatu, na mojawapo ni ya sanaa na michezo. Lakini si shule zote zilizo na njia hiyo, na kuajiriwa na serikali huweza kuchukua miaka. Atakayeingia aingie akijua.

Basi shauri letu ni hili.

Kwanza, usimzuie mtoto kabla hujaitazama kazi yake. Mwambie akuonyeshe michoro ya mwaka mzima, si mmoja tu. Ukiona ya mwisho yapita ya kwanza, ujue ana bidii, na bidii ndiyo inayomaliza miaka minne.

Pili, mwulize kama apenda kufundisha. Wako wachoraji wazuri wasioweza kuvumilia watoto thelathini. Mtu wa namna hiyo na asomee uchoraji peke yake, asichukue shahada ya ualimu.

Tatu, uliza chuoni mapema ni alama zipi zinazotakiwa katika masomo mawili atakayofundisha, na vifaa vinagharimu kiasi gani, ili usishtuke katikati ya safari.

Nne, ninyi walimu wa shule ndogo, msingoje mwenye shahada. Makaa yapo, udongo upo, na punda yupo njiani.

Yule mama aliyetuuliza tulimpa maneno haya haya. Akaenda kuitazama michoro ya binti yake, naye hajarudi kutuambia ameamuaje.

Nasi juma lililopita tulikwenda tena sokoni Machakos, tukamtafuta yule mwandika vibao, tukamwomba radhi kwa ajili ya ule ukurasa. Alicheka sana, akasema yamekwisha. Kisha akatuambia ana mtoto wa darasa la tano ambaye huchora kila mahali, hata ukutani mwa nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba amekwisha kumwonya mara mbili. Akatuuliza, "Binti yenu atamaliza lini, Mwalimu, nimletee?"

Tukamwambia atamaliza mwaka huu.

Wasalaam.