Telefone mu mukono wa mutoto: mbele ya kumukataza, mufundishe

Siku ya mupumziko, pita mu Katuba, mu Kenya ao mu Ruashi. Utakuta watoto wane ao watano wameinama juu ya telefone moja. Mara nyingi si yao: ni ya kaka mukubwa, ao ni ya mama aliyeiacha ku chaji. Muzazi anayesema « wangu hana telefone, sina mashaka » anajidanganya. Mutoto anaingia mu intaneti na telefone ya jirani, na ya rafiki wa masomo. Na tena ba mwalimu wengi wanatuma devuari mu grupu ya WhatsApp. Kukataza tu hakutoshi tena.

Programu zenyewe zinasema: mwenye hajafikisha miaka 13 asifungue kompti ku Facebook, ku TikTok ao ku WhatsApp. Lakini nani anayemulomba karatasi ya kuzaliwa? Mutoto wa miaka 10 anaandika mwaka mwingine, mulango unafunguka. Australia imeenda mbali zaidi: toka tarehe 10 Desemba 2025, makampuni ya rezo kubwa yanalazimishwa kufunga kompti za watoto wasiofikisha miaka 16, na yakikosa yanatozwa amande, si wazazi. Kwetu huku, kazi ya kulinda inabaki kwanza mu lupango na mu kalasi.

Sisi wa sendika ya mine tuna zoezi moja linaloweza kusaidia. Mbele poste ianze kazi, kunafanywa mazungumuzo mafupi juu ya usalama: leo hatari iko wapi, kitu gani hakiguswe, ukiona kibaya unamwita nani. Mufanyakazi haambiwe « usiingie, kuko hatari ». Anafundishwa namna ya kuingia na kutoka muzima. Kwa watoto na telefone tufanye vile vile. Hatari ni tatu kubwa.

Ya kwanza ni mutu asiyejulikana anayejifanya rafiki. Anasifu, anatuma uniti, kisha analomba foto. Mu Kanada, binti mumoja, Amanda Todd, alijionyesha mbele ya kamera kwa mutu aliyemujua mu intaneti tu. Ile foto ilimufuata masomo kwa masomo, mutu yule akimutisha kuituma kwa kila mutu. Alikufa tarehe 10 Oktoba 2012, akiwa na miaka 15. Mwanaume aliyemusumbua aliishi Uholanzi, ng'ambo ya bahari. Tribinali ya Kanada ilimuhukumu mu 2022 tu. Kwa hiyo mutoto ajue mapema: foto ya mwili wake haitumwe kwa mutu yeyote, hata kwa mupenzi. Na akishatishwa, asilipe, asitume ingine, asifute ujumbe. Alete telefone kwa mukubwa, juu ile ujumbe njo ushuhuda mbele ya polisi.

Ya pili ni wezi wa makuta. Kode ya siri ya M-Pesa, ya Airtel Money ao ya Orange Money haiambiwe mutu, hata akisema anapiga simu toka kampuni. Kode ya tarakimu 6 ambayo WhatsApp inatuma ni ufunguo wa kompti: ukiipatia mutu, anaingia mahali pako na kulomba feza kwa ndugu zako wote mu jina lako. Wezi wanapenda kuwatumia watoto kwa hii, juu mutoto anajibu haraka. Kuko pia wanaouza « items » za egzeta kwa wanafunzi, na matangazo ya uongo ya kazi ku mine: lipa kwanza feza ya dosie, kisha utaitwa. Vijana wetu wenye diplome mupya njo wanaangukia mule. Mwajiri wa kweli hatumie mutu namba ya telefone ili alipe kazi.

Ya tatu inaumiza zaidi, kwa sababu hapa mutoto si mwenye kuumizwa tu, anaweza kuumiza. Videyo ya matusi juu ya kabila la mwengine inafika, watoto wanacheka, wanaipitisha. Hapa Katanga tunajua matusi yanafikisha wapi. Mu 1992 na 1993, maneno ya mikutano na ya balabala yaliwafukuza mamia ya maelfu ya wenzetu wenye asili ya Kasai mu nyumba zao. Wengi kati yao walitumika ku Gécamines pamoja na wazazi wetu. Ku gare ya Likasi watu walilala inje miezi na miezi wakingojea treni, na wengi walikufa pale. Wakati ule WhatsApp haikuwa. Muzazi aliyeona yale aelezee watoto wake, wajue kama ile videyo ya kuchekesha si muchezo.

Sheria pia iko. Ubaguzi wa kabila unaazibiwa toka ordonansi ya tarehe 7 Juni 1966. Na Kode ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, mu kipengele cha 360, inasema anayeanzisha ao anayepitisha habari ya uongo juu ya mutu anaweza kufungwa mwezi 1 mpaka miezi 6, ao kulipa amande ya franga 500 000 mpaka 1 000 000, ao vyote viwili. Angalieni muzuri: kupitisha tu kunatosha. Kijana wa miaka 14 mpaka 18 anaweza kupelekwa mbele ya tribinali ya watoto, na hasara aliyoleta, wazazi njo wanailipa.

Lakini nani anawafundisha kupitisha? Ni sisi. Wakati daraja lilianguka ku karieri ya Kalando, mu Lualaba, tarehe 15 Novemba 2025, watu zaidi ya 30 walikufa. Videyo za siku ile zilizunguka mu ba telefone. Mufikirie mutoto anayemuona baba yake mule, mbele mutu yeyote hajaenda kwao kuwaambia. Mukubwa anayetuma maiti ya watu mu grupu ya familia hana mudomo wa kumukanya mutoto wake.

Inabaki neno moja, na kwangu njo la maana kupita yote. Ku mine, mahali mufanyakazi anaazibiwa kwa kusema « nimeona hatari », ba aksida zinafichwa, mpaka siku mutu anakufa. Mu nyumba ni vile vile. Mutoto akileta telefone na kusema « mama, kuko mutu ananitisha », na wewe unamupiga, unamunyanganya telefone, siku ingine hatakuja. Atalipa peke yake, atalia peke yake. Mushukuru kwanza. Hasira ya mutu aliyemutisha usiimalizie kwake.

Na hii mangaribi, wakati wa bukari, fanyeni vitu vitatu. Ku telefone ya nyumba, fungueni parametre za WhatsApp: wekeni kode ya pili ya siri, na muchague kama watu munaojua tu wawaingize mu ba grupu. Kataeni telefone kulala mu chumba cha watoto. Usiku inabaki ku salon. Kisha kila mutoto ataje jina la mukubwa mumoja atakayemwambia kama kitu kibaya kimefika: mama, baba, shangazi, mwalimu. Asiyekuwa na jina la kutaja, mutafutieni mutu mbele ya kulala.