Gari Kuukuu Lijitafutie Riziki

Baba amekuachia Peugeot 504, imelala uani chini ya mwembe. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshapita mara mbili, naye anapima kwa kilo. Kabla hujamkubalia, na kabla hujamwita fundi wa rangi, piga hesabu. Gari la namna hii laweza kujilisha lenyewe. Kukulisha wewe na watoto, sahau.

Usianze na rangi. Anza na breki, tairi, radieta na nyaya, kisha injini. Tairi iliyokaa miaka kumi huonekana mpya, kumbe mpira umeshakauka. Halafu inua zulia la ndani, uichokoe sakafu kwa bisibisi. Kwetu Mombasa chumvi ya bahari haina huruma. Bisibisi ikizama, mpigie simu yule wa chuma chakavu.

Sakafu ikiwa nzima, una bahati na 504. Ziliunganishwa hapa hapa Mombasa kwa miaka mingi, zilishinda Safari Rally 1975 na 1978, na mafundi wa makamo wanazijua kama viganja vyao. Spea za injini huko Kirinyaga Road, Nairobi, bado zapatikana. Kinachosumbua ni taa, mipira ya milango na urembo wa nikeli. Volkswagen ya mgongo wa kobe ni nafuu zaidi kuitunza, maana injini yake hupozwa na hewa, radieta haina. Gari kubwa la saluni la Kiingereza hupendeza mbele ya ukumbi, lakini kila spea ni ya kuagiza ng'ambo, na ushuru juu. Kama huna tayari, usilinunue.

Sasa kazi. Inayolipa ni harusi, lakini tazama pesa zinavyovuja. Mimi natoza Sh 25,000 kwa saa tano. Lori la kulibeba gari kwenda na kurudi, Sh 8,000. Dereva, Sh 2,500. Petroli, Sh 2,000. Kuosha na kung'arisha, Sh 1,500. Mpangaji wa harusi aliyekuletea mteja anataka asilimia 15, yaani Sh 3,750. Mfukoni zimebaki Sh 7,250.

Ukipata harusi nane kwa mwaka, ni Sh 58,000. Toa bima, akiba ya betri na tairi, na fundi wa kutu; kwangu hizo hufika Sh 50,000. Elfu nane, mwaka mzima! Ndiyo maana nasema lori ndilo la kukatwa kwanza. Kubali kazi za karibu tu, gari liende kwa magurudumu yake alfajiri kabla ya foleni.

Nilijifunza hilo vibaya. Nilikubali harusi ya Diani nikapitia feri ya Likoni, saa saba mchana. Foleni haisongi, mshale wa joto unapanda, bibi harusi yuko nyuma anajipepea kwa kadi ya mwaliko wake mwenyewe. Tulipotoka ferini radieta ilikuwa inatokota kama birika. Alimalizia safari kwa gari la mjomba wake, nami nikarudisha nusu ya pesa. Siku hizi, nikilazimika kwenda kusini, napita barabara ya Dongo Kundu. Ni mbali zaidi, lakini gari linapata upepo.

Matangazo na filamu hulichakaza gari kidogo kuliko harusi: lasimama siku nzima likipigwa picha. Ubaya ni malipo, huchelewa hata miezi. Dai nusu kabla gari halijatoka uani, na uwepo mwenyewe. Kijana wa kamera hashindwi kutoboa bodi ili afunge kifaa chake.

Mkahawa au hoteli ikitaka kuliegesha mlangoni kama pambo, chukua, hata kwa kodi ndogo ya mwezi, mradi pana kivuli na kamba ya kuzuia watoto. Jua la pwani huipasua dashibodi upesi kuliko abiria.

Teksi za kwenye simu zina kikomo cha umri wa gari, hutapita. Kuzungusha watalii kunataka leseni na bima ya abiria. Kwa gari moja gharama hairudi.

Na bima ndiyo shimo lenyewe. Bima ya gari binafsi haikusudiwi gari la kukodisha. Ukigongwa siku ya harusi, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa. Ilipie ya kukodisha, na mkubaliane kwa maandishi thamani ya gari. Bila hivyo watalihesabu kama kuukuu la kawaida, wakulipe pesa ya baiskeli.

Ukiamua, amua mapema. Ramadhani harusi husita, kisha Mfungo Mosi zinafululiza. Agosti na Desemba vilevile. Fundi apewe kazi miezi miwili kabla, maana mafundi wote huahidi Ijumaa bila kutaja Ijumaa ipi.

Mkataba uwe ukurasa mmoja: saa ya ziada ni shilingi ngapi, nani analipa maegesho, amana kiasi gani. Na maua yafungwe kwa utepe, si kwa gundi. Kuibandua gundi juu ya rangi ya zamani kulinigharimu boneti nzima, na mpambaji alikuwa ameshalipwa akaenda zake.